Lori Halina "Tabia", Lina Ubovu

Wasee, kuna maneno nimeyachoka kabisa: "Hii gari imezeeka, lazima uizoee." Utayasikia popote malori ya zamani yanapopakia mizigo. Dere anazungusha usukani kushoto, kulia, magurudumu yametulia tu, na yeye anacheka. Eti hiyo ni tabia ya gari.

Mimi nasema gari halina tabia. Kuna kitu kimelika, na hicho kitu kina jina na mahali pake.

Na si dere pekee. Mwenye lori akiambiwa stelingi inacheza, anauliza "ni pesa ngapi?" kabla ya kuuliza "inacheza wapi?" Fundi naye hajainama hata chini ya gari, ashaandika listi: boljointi, bushi, stelingi boksi. Spea zinanunuliwa Grogan, zinafungwa, na usukani bado unacheza. Huo si ufundi, ni kamari. Dau ni doo ya mwenye lori na shingo ya dereva.

Kinachoniudhi ni kwamba kutafuta ubovu huu hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji watu wawili wenye subira. Egesha lori mahali tambarare, gia iwe huru, vuta handibreki, zuia magurudumu kwa mawe. Magurudumu ya mbele yanyooke. Mmoja akae ndani, asukume usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Kama stelingi ni ya pawa, injini iwe inanguruma.

Mwingine aangalie mwendo unavyoshuka: shafti ya usukani, boksi, mkono unaotoka kwenye boksi, draglinki, kisha tairodi. Pale kipande kimoja kinaposonga na kinachofuata kinachelewa, umempata mwizi. Shafti inazunguka na mkono wa boksi umelala? Ni boksi. Mkono unasonga na draglinki inasubiri? Ni boljointi ya hapo katikati. Boksi lenyewe linatikisika kwenye chesisi? Angalia bolti zake kwanza, usinunue kitu.

Halafu inua ekseli ya mbele kwa jeki na uiweke kwenye stendi imara. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, shuku beringi. Ukibaki, shuku kingipini.

Kuna na ile "dawa" ya kukaza skrubu ya boksi. Usukani unakuwa mzito, dere anaridhika, lori linaondoka. Lakini boljointi iliyolika bado imelika. Na boksi likikazwa kupita kiasi, meno yake yanalika upesi na usukani unagoma kurudi katikati baada ya kona. Sasa uko na shida mbili, na umelipia moja.

Usiniambie pia kwamba lori lilipita ukaguzi wa NTSA. Ukaguzi ni mara moja kwa mwaka. Boljointi haisomi kalenda.

Najua jibu lenu: "Dere akikataa kutoka, kesho kuna mwingine getini." Ni kweli, na ndiyo maana hii si stori ya spana tu. Kijana anayelipwa kwa siku hana nguvu ya kumwambia bosi lori lisitoke. Lakini akisema "stelingi ni mbaya," hayo ni malalamiko, na bosi ameyasikia mara mia. Akisema "boljointi ya draglinki upande wa boksi imelika, ona," huo ni ushahidi. Simu unayo. Piga video ya hiyo boljointi ikicheza, mtumie bosi kabla ya safari. Baadaye hatasema hakujua.

Na wewe bosi, ukiitumiwa hiyo video, usijibu na "nenda polepole." Mteremko wa Mai Mahiu hauna polepole ya kuokoa lori ambalo boljointi yake imechomoka. Usukani unabaki mkononi, magurudumu yanaenda yanakotaka. Na mbele yake kuna matatu imejaa watu, ambao hakuna aliyewaambia wazoee.