Ukichota maji ya mto, umechota na watu

Na Saumu Athman

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walikuwa na shida na kasa tu. Walichota maji ya bahari na kuzoa mchanga wa ufukweni, wakitafuta vinasaba ambavyo kila kiumbe huviacha apitapo. Humo walikuta pia vinasaba vya binadamu, tena vingi, na kwa ubora ambao hawakuutarajia. Matokeo yalichapishwa Mei 2023, na yananikosesha raha hadi leo.

Walikwenda mpaka Ireland, wakachota maji ya mto kuanzia mlimani unakoanzia hadi baharini. Kule juu, mbali na makazi, hawakupata kitu. Kwingine kote binadamu alikuwemo. Kisha waliwaomba watu wa kujitolea wakanyage mchanga, wakauzoa ule wa kwenye nyayo. Wakasoma sehemu ya vinasaba vya waliopita. Katika baadhi ya sampuli zao yalionekana hata mabadiliko yanayohusishwa na maradhi, na asili ya watu wenyewe.

Mbinu iliyozoeleka hunakili kipande kifupi tu cha vinasaba vya kundi linalotafutwa, tuseme samaki, na vingine vikaachwa. Mashine za sasa zinaweza kusoma chochote kilichomo chupani. Ni juya hilo: linakokota uliyemfuata na usiyemfuata.

Utafiti huu nauunga mkono. Unatuonyesha kasa walipo bila kumshika hata mmoja. Ninachokikataa ni ile hoja kwamba pasipo jina hapana madhara. Ukichota maji chini ya kijiji, kijiji kinajulikana ni kipi. Ikisemwa maji yake yana dalili za ugonjwa fulani wa kurithi, wataonyeshewa vidole wote, hata mtoto aliyezaliwa jana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Lakini inamlinda mtu anayetambulika, mmoja mmoja. Kijiji kizima nani atakisainia ridhaa?

Basi watafiti waanze barazani, wawaambie wakazi waziwazi kwamba maji yale yatawasoma na wao. Na vinasaba vya binadamu viondolewe kabla data haijapakiwa kwenye hifadhidata zilizo wazi kwa dunia nzima, maana vikishanakiliwa huko havirudi. Wafadhili waliandike sharti hilo kwenye mkataba, kabla chupa ya kwanza haijajazwa.