Bibi Harusi, Achana na Maua ya Plastiki, Panda Mwaridi



Sisi ni mafundi cherehani wa Ilongero, kaskazini ya Singida mjini. Tunashona magauni ya harusi, tunapamba, na kwa miaka kadhaa tumekodisha maua ya plastiki. Leo tunasema wazi: tunaona haya kwa pesa tulizopokea.

Mwaka jana mama mmoja aliuza mbuzi wawili ili binti yake apate mawaridi kutoka Arusha. Yalishuka kwenye basi yamelegea, vichwa chini. Ikabidi tumshikishe bibi harusi shada la plastiki, lililokwisha kushikwa na wenzake kadhaa. Jioni shada likarudi kwenye boksi letu. Mbuzi hawakurudi.

Tukisema basi tupande wenyewe, tunajibiwa: "Singida ni kavu, waridi haliwezi." Si kweli. Waridi linaloshindwa huku ni lile la dukani, linalolelewa ndani ya kitalu nyumba kwa ajili ya soko la Ulaya. Hilo limechaguliwa kwa shina refu na kukaa muda mrefu kwenye chombo cha maji, si kwa jua letu. Linalotufaa ni mwaridi unaotambaa, wenye mizizi ya kwenda chini na matawi ya kufunika ukuta.

Mnataka ushahidi? Kule Tombstone, Arizona, mji mkavu wa Marekani wenye mvua chache kuliko Singida, kuna mwaridi wa aina ya Lady Banks uliopandwa mwaka 1885. Mpaka leo uko hai, na kivuli chake watu hukaa chini yake. Na nyinyi wenye ndugu Oman mnajua mawaridi ya Jabal Akhdar: milima mikavu, maji ya falaji, na bado marashi yanatoka kila mwaka. Yale hayatambai, lakini yanatufundisha kwamba ukame si hukumu ya kifo.

Lady Banks hauna miiba mingi, nao huchanua mara moja kwa mwaka, kwa vishada. New Dawn, uliotokea Marekani mwaka 1930, una maua ya waridi mpauko na huchanua tena na tena. Wa kwanza usiukate ovyo: unachanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, basi upunguze baada ya maua kuisha. Wa pili ulaze matawi yake pembeni na kuyafunga kwenye wigo; tawi lililolala hutoa maua mengi kuliko lililosimama. Ukikosa majina, tafuta mwaridi wa zamani kwa jirani, ulioishi miaka bila kubembelezwa, na uombe kipande.

Kata tawi la urefu wa penseli, lichomeke kwenye udongo wa kivulini mvua zinapoanza, mwezi wa Desemba. Likishika mizizi, lihamishie kwenye shimo lenye samadi, funika udongo kwa mabua ya mtama, na zungushia miiba mbuzi wasifike. Maji? Tawadha juu ya beseni. Maji ya udhu hayana sabuni, na udhu hauishi siku hata moja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri wenye bustani. Tajiri ni nani, anayechomeka kijiti cha bure au anayeuza mbuzi kwa maua ya siku moja? Dini yetu imetukataza israfu, na imetufundisha kwamba anayepanda, kisha kiumbe akanufaika, ameandikiwa sadaka. Plastiki ina sadaka gani?

Kwa hiyo tumeamua. Maboksi ya maua ya plastiki tumeyafunga. Msimu huu kila bibi harusi tutakayemshonea atapewa kipande cha mwaridi chenye mizizi, akapande mlangoni kwa mumewe. Tutapoteza kodi, inshallah Mola atafidia.

Nanyi dada zetu wa visiwani, mnaoamka na harufu ya asumini na mrehani, msituige sisi tulipokosea. Kikuba hakishonwi kwa plastiki.