Mgonjwa, Mpira na Dirisha Lililo Wazi

Usiku ule mgonjwa anapozidiwa, nyumba nyingi hujua la kufanya. Gari hutafutwa, majirani huamka, dua hupanda, na kila mtu hupata kazi yake. Tusilolijua vyema ni lile linalofuata: mgonjwa amerudi, hatari kubwa imepita, naye ameketi sebuleni akiwa na wiki nyingi za kungoja mwili wake urejee. Hapo ndipo nyumba huteleza, na mara nyingi huteleza kwa mapenzi.

Tuna jamaa wengi walioko bara, na leo safu hii inakwenda Nakuru, kwa ami yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye amekaa mtaa wa Bondeni zaidi ya nusu ya umri wake. Ametupa idhini ya kuyasimulia yake bila ya kumtaja jina. Mwishoni mwa Julai 2025 alisali Isha akiwa mzima. Kabla ya Alfajiri alikuwa akitetemeka, kichomi kimemkamata ubavuni, na maneno yake hayashikani. Hospitalini ikaonekana ni nimonia. Akalazwa, akatiwa oksijeni na dawa, na Jumamosi tarehe 2 Agosti akarejeshwa nyumbani.

Kesho yake Kenya ikacheza mechi yake ya kwanza ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo mwaka huo yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Mkewe akataka televisheni izimwe. Ami akasema kwamba kama ni kuzimwa, basi na yeye arudishwe hospitali.

Bibi yule hakuwa na hofu ya bure. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa Munich nchini Ujerumani walihesabu watu waliopatwa na dharura za moyo, na wakaona kwamba siku ilipocheza timu ya Ujerumani idadi hiyo ilipanda zaidi ya maradufu, hasa kwa wale ambao mioyo yao ilikuwa na maradhi tangu hapo. Mwenye moyo mbovu au presha isiyotulia aulizwe daktari wake kabla ya kuwekwa mbele ya penalti. Lakini moyo wa ami ulikuwa umepimwa, na daktari hakumkataza. Nasi tulikuwa upande wa ami. Mtu asiye na la kutazama hushinda akisikiliza kikohozi chake mwenyewe. Huyu, zaidi ya hayo, ni mtu wa kandanda tangu utotoni: anaikumbuka Nakuru AllStars iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1963, ligi ya taifa ilipoanza, na anaikumbuka Feisal ya Mombasa iliyoutwaa mwaka 1965. Ukimuuliza siku hizo alikuwa mshabiki wa nani, hucheka tu.

Bintiye, mwenye akili ya kutosha kwa nyumba nzima, ndiye aliyeona kwamba mechi zile zingeweza kuwa kalenda ya tiba. Tarehe 3 Kenya ilipoishinda Kongo 1-0, ami hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutua. Goli lilipoingia aliinua kidole tu. Binti akamwekea sharti: kila wakati wa mapumziko atainuka, atavuta pumzi ndefu mara kumi, na atatembea kidogo kupita alivyotembea mechi iliyotangulia. Tarehe 10, Ryan Ogam alipoifunga Morocco na Kenya ikabaki na watu kumi baada ya kadi nyekundu, ami alifika barazani na kurudi. Tarehe 17, siku ya Zambia, alifika getini, akapumzika juu ya kiti alichowekewa huko, akarudi.

Wanaouguza wasivunjike moyo kwa mwendo huo wa kobe. Homa huweza kwisha katika wiki moja, lakini kifua huhitaji kama mwezi kupata nafuu ya kweli, kikohozi huweza kuendelea wiki sita, na uchovu huweza kumfuata mtu miezi mitatu au zaidi. Tena Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Kila pumzi ya huko ina oksijeni pungufu, kama moja ya tano, ukilinganisha na pumzi ya Mombasa. Mapafu mazima hayalihisi hilo. Mapafu yaliyotoka katika nimonia hulihisi kila ngazi.

Tulikuwapo usiku wa mechi ya Angola, tarehe 7. Sebule ilijaa wageni kumi na wawili, wote wakiwa na nia ya kumjulia hali mgonjwa na, tuseme kweli, nia ya kutazama mpira. Agosti ya Nakuru si mchezo. Baridi hupenya hadi mifupani. Jirani mmoja mwema akafunga madirisha, na mwingine akaleta jiko la makaa yaliyokolea, akaliweka karibu na miguu ya ami. Kila mtu akasema, "Ahsante, ndugu." Binti akaingia, akalitazama, akalinyanyua na kulitoa nje, kisha akafungua dirisha moja. Baadhi ya wazee walinung'unika kuhusu adabu za vijana.

Adabu ilikuwa ile ile aliyoifanya. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito, na huua familia nzima iliyolala. Ikiwa humfanyia hivyo mtu mzima, itakuwaje kwa mtu anayegombea kila pumzi? Mgonjwa avishwe sweta, soksi na kofia, awekewe chupa ya maji ya moto miguuni, ajifunike blanketi mbili. Jiko libaki nje.

Baada ya usiku ule binti alitoa kanuni nyingine: wageni wasizidi wanne, mwenye mafua asije, na mechi inaweza kumalizikia kwao. Hapo tunafika kwa mkewe, ambaye hakuna aliyekuja kumzuru. Mpira mmoja ulimgharimu birika tatu za chai na sinia ya mahamri, baada ya usiku wa kumgeuza mgonjwa na kumpa dawa kwa saa. Dada yake alipofika kutoka Gilgil hakuuliza hali ya ami kwanza. Alimuuliza yeye alilala lini mara ya mwisho, naye hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo majirani walikuja na chai yao katika thamosi.

Dada huyo alileta pia shayiri, akampikia ami talbina, uji mwepesi wa shayiri na maziwa ambao Bi Aisha, Mungu amridhie, alikuwa akiwaelekeza watu wawapikie wagonjwa na waliofiwa. Shayiri ya Mau Narok iko karibu na Nakuru, ila nyingi yake hununuliwa na viwanda vya pombe. Ami alisema bakuli lake moja angalau limeokolewa.

Dada zetu mnaouguza, yashikeni haya. Dawa za viuavijasumu zimalizwe zote hata mgonjwa akidai amepona. Homa ikirudi, pumzi ikienda mbio, midomo au kucha zikigeuka buluu, kohozi likiwa na damu, au mzee akianza kuchanganya maneno hata bila ya homa, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo. Asisubiriwe hadi kipenga cha mwisho.

Ijumaa tarehe 22 ami alisali msikitini kwa mara ya kwanza tangu augue, akiwa juu ya kiti. Jioni ikawa robo fainali na Madagascar: 1-1, muda wa nyongeza, na jua likatua kabla ya kupatikana mshindi. Alisali Magharibi akiwa ameketi, kisha akarudi kuitazama Kenya ikitolewa kwa penalti 4-3. Alipiga ukelele ambao binti anasema ulisikika hadi barabarani, na hakukohoa. Mkewe alikuwa amelala chumbani tangu Alasiri, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwamsha ampe matokeo.