Xilonen Siyo "Zailonen": Mastrima Wanaochapia kwa Kujiamini Wanamuiga Nani?

Kuna mastrima wa gemu hapa mjini, majina kapuni, ambao kwa sasa ndiyo habari ya mjini. Kamera kali, maiki ya bei mbaya, taa za zambarau ukutani, wafuasi kama wote. Kila kitu kiko sawa mpaka waingie Natlan, ule ukanda wa Genshin Impact uliofunguliwa Agosti 2024. Hapo ndipo mtu mzima anakaza shingo, anabana pua na kutangaza: "Leo tunamvuta Zailonen!" Mwingine anakuja na "Saitlalai". Wa tatu kaona isiwe tabu, kaamua kumuita "yule dada wa X".

Kuchapia si kosa la jinai. Kila mtu huchapia. Tatizo linaanza pale mtazamaji anapoandika kwa upole, "Kaka, ni Shilonen", halafu strima anamblokia laivu na kumwaga povu dakika tano nzima: eti ni gemu tu bana, majina yenyewe ya kutunga, nani anajali, mbona yule Mmarekani mwenye mamilioni ya wafuasi anasema hivyohivyo.

Povu hilo lina hoja mbili ndani yake, na zote mbili ni mbovu.

Ya kwanza: "Ni majina ya kutunga"

Siyo. Xilonen ni mungu wa kike wa mahindi machanga katika imani za Wamexica, wale ambao wengi wamezoea kuwaita Waazteki, ambao mji wao mkuu Tenochtitlan uliangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1521. Citlali maana yake ni nyota, na mpaka leo wapo wasichana wengi Mexico wanaoitwa hivyo, kama huku walivyo kina Nyota na kina Zuhura. Ndiyo kusema, kuna mtoto wa watu ameamka leo asubuhi kule, kapiga mswaki, kaenda shule, na jina lake ndilo hilo ambalo mtu wa Sinza analigeuza kuwa jina la dawa ya mafua.

Na lugha yenyewe haijafa. Inaitwa Kinahuatl, na sensa ya Mexico ya mwaka 2020 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 1.6. Tangu 2003 sheria ya nchi hiyo inazitambua lugha za wenyeji kama lugha za taifa pamoja na Kihispania. Yaani hii siyo lugha ya kwenye makaburi ya kale na filamu za Indiana Jones. Ni lugha ya watu wanaokwenda sokoni.

Tena imeshafika mpaka mtaani huku bila watu kujua. Ile "tomato" ya kumwagia kwenye chipsi mayai, neno lake limetoka kwenye Kinahuatl, tomatl, likapitia Kihispania ndipo likaingia kwenye Kiingereza. Avokado naye njia ni hiyohiyo, kutoka ahuacatl. Na yule mdudu wa pinki anayetabasamu kwenye Minecraft, aliyeingia mwaka 2021 na watoto wakamshobokea, ni mnyama wa kweli. Kwao ni maji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, na huko porini yuko hatarini kutoweka kabisa. Jina lake, axolotl, hutamkwa a-SHO-lotl. Dunia nzima inamuita "aksolotoo".

Ya pili: "Mbona Mmarekani anasema hivyo"

Hapa ndipo penye uchungu. Mmarekani akiona X mwanzoni mwa neno, kwao inasomeka Z, kama kwenye zailofoni. Huo ni mdomo wake na mazoea yake. Sasa Mbongo, ambaye lugha yake haina hata hiyo herufi X, analazimishwa na nani kuipitisha Marekani kwanza ndipo aifikishe Mexico?

Kinachochekesha ni kwamba mdomo wa Mswahili uko karibu zaidi na jina hilo kuliko mdomo wa huyo anayeigwa. Ushahidi huu hapa.

Irabu za Kinahuatl ni nne tu: a, e, i, o. Zinasomeka kwa namna ambayo mtoto wa darasa la kwanza Kinondoni anazisoma. Hakuna cha "i" kugeuka "ai" wala "a" kugeuka "ei".

Mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kama Kiswahili! Mtu anayesema Kino-NDO-ni na Mwananya-MA-la bila kufikiria, anaweza kusema Shi-LO-nen na Si-TLA-li bila kutoka jasho. Hata Tenochtitlan, kwa Kinahuatl mkazo uko kwenye TI: Tenoch-TI-tlan. Waliousukuma kwenda mwisho wa neno ni Wahispania, na Kiingereza kikafuata.

Zinabaki herufi chache za kukariri, na zinaenea kwenye meseji moja ya WhatsApp. X ni sh, kwa sababu mapadri wa Kihispania wa karne ya 16 walioandika Kinahuatl kwa herufi za Kilatini waliitumia X kwa sauti ya sh, kama ilivyokuwa kwenye Kihispania cha enzi zile. Baadaye Kihispania kikabadilika, maandishi yakabaki. Hata jina la watu wenyewe, Mexica, ni Me-SHI-ka. HU ikifuatwa na irabu ni w. QU mbele ya e na i ni k. C mbele ya e na i ni s, na Z nayo ni s. TZ ni ts. Basi Quetzalcoatl, nyoka mwenye manyoya anayetokea kwenye magemu kila kukicha, ni ketsal-KO-atl. Limekwisha.

Kigumu cha kweli ni kimoja: TL. Ile ni sauti moja, ulimi unakaa kama wa t halafu hewa inatokea pembeni, na mwisho wa neno inazimika kama mnong'ono. Mswahili atataka kuweka irabu nyuma yake, Mzungu atataka kuweka "ol". Hapo hakuna atakayemlaumu mtu. Anayejaribu akakosa na aliyegoma kujaribu hawako kapu moja.

Na Kimaya ni ukoo mwingine wa lugha kabisa, kwa hiyo wasichanganywe. X bado ni sh, ndiyo maana Xibalba, kuzimu ya kwenye kitabu cha Popol Vuh cha Wak'iche', ni Shibalba, na Xbalanque wa kwenye gemu la Smite ni Shbalanke. Ila huko mkazo huenda mwisho wa neno. Na kale kadude kadogo ka juu kwenye K' siyo pambo. Kanabadilisha sauti, kama kanavyofanya kwenye ng'ombe. Mtu aliyekua anaandika ng'ombe na ng'ambo ndiye wa mwisho kabisa duniani kusema haelewi kazi yake.

Mbona Xiao hamkumkosea?

Sasa swali la kuwafungia mlango. Genshin hiyohiyo ina Xiao. Ina Xiangling. Ina Xingqiu. Miaka yote mastrima hawa wanasema "Shao", "Shangling", "Shingchiu", na mgeni akija kwenye laivu na "Zaio" yake anachekwa mpaka anaondoka. X waliijua. Walijifunza, tena kwa bidii, wengine walirudia klipu za Kichina mpaka ulimi ukakaa sawa.

Kumbe uwezo upo. Kinachokosekana ni heshima. Jina la Kichina lina kampuni kubwa nyuma yake, lina taifa kubwa, lina pesa. La Kijapani lina anime. Jina la mungu wa mahindi wa Wamexica halina mtu wa kulisemea, kwa hiyo linakuwa la kuchezea. Mastrima hawajakaa kikao wakapanga hivyo. Ndivyo tu mizani ilivyo vichwani mwao: lugha yenye nguvu inajifunzwa, lugha ya wanyonge inachanwachanwa.

Na mizani hiyo Wabongo wanaijua vizuri, maana wameipanda wenyewe. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, haohao wanaposti bendera na kuandika Kiswahili kitukuzwe. Mtangazaji wa mpira wa Ulaya akiita jina linaloanza na Mb akasema "Em-b", mitandao inawaka. Mtalii akisema Ngorongoro kama anayekohoa, klipu inatrendi wiki nzima. Wote hao huambiwa neno moja: jifunze jina la mtu kabla hujalitaja. Sasa neno hilo linakuwa kweli kwa Mb tu, kwa X linageuka kuwa ujuaji?

Kuna jambo zito zaidi. Huku bado kuna watu wazima wanaokumbuka shule za kuzungumza Kiingereza tu, ambako aliyedulisha neno la Kiswahili au la kikwao alivishwa kibao shingoni au alikula bakora. Mexico nayo katika karne ya 20 ilikuwa na shule za Kihispania tu, na watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Wengi walikua wakaamua kutowarithisha watoto wao lugha hizo, wasije wakapitia aibu ileile. Hiyo ndiyo historia iliyobebwa na jina moja la kwenye skrini. Anayesema "nani anajali" ajue kwamba sentensi hiyo ilishasemwa na walimu wenye bakora, kule na huku.

Na kumbukumbu isiwe fupi. Julai 2024, kabla Natlan haijafunguliwa, wachezaji na hata baadhi ya waigizaji wa sauti wa gemu hilo walilalamika hadharani: wahusika wamepewa majina na mila za watu wa asili wa Amerika na za Afrika, halafu ngozi nyingi nyeupe pe. Mastrima wa hapa nao walidandia hoja, wakapata vyuu. Natlan ina Iansan na ina Ifa, majina yenye asili ya Kiyoruba, na kwa hayo walikuwa wakali kwelikweli. Sawa kabisa. Ila huwezi kuidai kampuni iheshimu utamaduni wa watu mchana, halafu usiku unawasha laivu na kumuita mtu Zailonen.

Haki itendeke pande zote

Yapo majina ambayo kweli ni ya kutunga. Magic: The Gathering ilipotoa Ixalan mwaka 2017 ilikuja na majina yenye ladha ya huko, kama Huatli, lakini mengi ni kazi ya waandishi. Jina la kutunga hutamkwa anavyotaka aliyelitunga, hapo hakuna ugomvi. Vilevile Mexico yenyewe, watu wengi wanaosema Kihispania husema Xochimilco kwa s, "Sochimilko". Anayesema hivyo amewafuata wenyeji, hajachapia.

Na kuna upande wa pili unaozingua vilevile: mjuaji wa kwenye komenti. Huyu hana shida na Kinahuatl wala Wanahua, amesoma jana usiku tu na leo anatafuta kichwa cha kukanyaga. Anamkuta dogo wa miaka 14 anacheza kwa simu ya kuazima, anamtukana mbele za watu kwa sababu kasema "Eksilonen". Huyo naye hajaheshimu lugha ya mtu, kapata tu fimbo mpya. Kumsahihisha mtu kwa neno moja la upole kunatosha. Kumdhalilisha ni kiki.

Lakini strima mwenye maelfu ya wafuasi siyo dogo. Anachosema yeye usiku, shule nzima inasema asubuhi. Hiyo ni kazi, na kazi ina maandalizi. Age of Empires II ilipoongeza Waazteki mwaka 2000, askari wao waliitika kwa Kinahuatl. Montezuma wa Civilization VI anaongea Kinahuatl. Sauti zipo, video za wasemaji wenyewe zipo, na bando lipo, maana hilohilo ndilo linaloendesha laivu ya saa sita. Dakika kumi za kusikiliza kabla ya kuwasha kamera hazijawahi kumpunguzia mtu wafuasi.

Na akikosea, njia ni rahisi: "Asante mdau, Shilonen, nimekupata." Maneno manne. Yule aliyeblokiwa alistahili hayo, na povu alilomwagiwa halikuwa lake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Strima gani anajitahidi kwenye majina apewe maua yake? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana.