Waya wa Ardhini Upimwe Mwezi wa Nane



Mchuma chai au mtu wa mashine kiwandani atauliza: habari za mabanda ya ndege pale Kanombe zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu, kwani waya unaomlinda fundi wa ndege ni ule ule unaomlinda mtu wa mashine ya kukaushia chai, na jibu analopewa anapouliza juu yake ni lile lile: "Waya upo, si unauona?"

Ndege ikiingizwa bandani husimama juu ya magurudumu ya mpira. Mafuta yanapopita kwa kasi katika bomba na chujio hujitengenezea umeme tuli, na umeme huo usipopata njia ya kwenda ardhini huruka kwa cheche. Mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi, na katika mwinuko wa Kigali hushuka chini kidogo ya hapo. Baadhi ya dawa za kuondolea rangi ni mbaya zaidi, zinaweza kushika moto hata asubuhi ya baridi. Ndiyo maana waya hufungwa kwenye chuma kitupu cha ndege, si juu ya rangi, kisha kwenye nondo iliyozikwa ardhini.

Kazi hiyo ya umeme tuli ni nyepesi. Hata ukinzani wa omu 10,000 waweza kutosha. Lakini katika banda hilo hilo mna drili, taa za mkononi na pampu za volti 230. Waya wa moto ukigusa bodi ya mashine, fyuzi yapaswa kukatika mara moja. Kama njia pekee ya kurudi ni ardhi, na ukinzani wake ni omu 100, gawanyeni wenyewe: 230 kwa 100 ni ampea 2 na kidogo. Fyuzi ya ampea 16 haitatikisika. Pasipo swichi ya kukata umeme unaovuja, bodi itabaki na umeme ikimngoja mtu aishike, na chini ya sehemu ya kumi ya ampea moja ikipita kifuani yatosha kuua.

Halafu kuna radi. Mwezi Machi 2018 radi iliua watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru. Banda la ndege ni paa kubwa la chuma juu ya kilima, nalo lahitaji njia nzuri kuliko ile ya umeme tuli. Mafundi hulenga omu 10 au pungufu.

Sasa tuseme wazi lile linalotukera. Udongo wenye maji hupitisha umeme vizuri, udongo mkavu haupitishi. Ukipima nondo mwezi Aprili, mvua ikinyesha, utapata hesabu ya kupendeza. Rudi Agosti, baada ya miezi miwili ya kiangazi, nondo ile ile itakupa hesabu nyingine kabisa. Cheti cha Aprili hakimlindi mtu wa Agosti. Na waya uliokatika hausemi: taa zitaendelea kuwaka, drili itazunguka, ndege itatengenezwa na kuondoka. (Shaba ina bei, na wezi wa chuma chakavu wanaijua kuliko wakaguzi.)

Mwajiri atasema kupima ni gharama. Kipimo ni kazi ya saa chache. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayeondoka penye hatari kubwa iliyo mbele yake, na mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliuweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi.

Basi tunataka hivi, Kanombe na katika kila kiwanda. Ardhi ipimwe kila Agosti, mjumbe wa wafanyakazi akiwapo. Hesabu ya kila nondo ibandikwe mlangoni, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini tangu 2017. Panapokosekana karatasi hiyo, mfanyakazi asiadhibiwe kwa kuweka drili chini.