Kartushi ya jana usiivae leo

Ndugu mfanyakazi, wewe unayepaka rangi na kusafisha vyuma katika atelie, fungua kabati lako utazame. Maski ya jana imo, na kartushi yake ingali imefungwa palepale. Unasema: «Jana jioni haikunuka, basi ni nzima.» Mimi nasema hapana.

Ndani ya kartushi mna makala. Si yale ya kupikia kwenye mbabula. Haya yamepitishwa katika mvuke wa maji wenye joto kali mpaka yakajaa vitundu visivyoonekana kwa jicho. Ukitandaza kuta za vitundu vya gramu moja tu, zitafika karibu mita za mraba 1 000. Gramu 7 hivi zatosha kufunika kiwanja cha mpira! Gesi ya asetoni ikipita, hunata juu ya kuta hizo. Haifi, haigeuki: imenata tu. Nguvu inayoisukuma ikizidi, makala hushika zaidi, ikipungua, huachilia.

Hapo ndipo penye hatari. Usiku, maski ikilala kabatini, gesi ile hutembea polepole kutoka upande wa nje kwenda upande wa pua. Asubuhi unavaa, unavuta pumzi ya kwanza, na ile uliyoizuia jana inakuingia leo. Asetoni huchemka kwenye digri 56 tu, kwa hiyo ni nyepesi kuhama. Wakati wa mvua ni vibaya zaidi, maana unyevu nao hukaa katika vitundu.

Wengine wanangojea harufu. Pua huzoea, ndugu! Kisha mtu anakuja dispansere na kichwa kinachouma, akiomba dawa ya malaria.

Zamu ya asetoni ikiisha, tupa kartushi. Nanyi mashefu wa ekipi na watu wa depo, msimnyime mtu kartushi mpya eti ya zamani inaonekana safi. Kilichomo hakionekani.

Tena, makala haya hayashiki monoksidi ya kaboni, ile gesi ya moto na ya moshi wa injini, isiyo na harufu. Wala kartushi haitoi oksijeni. Ukiona moshi shimoni usitegemee maski hii: toka, uwaite watu wa uokoaji wenye chupa za hewa mgongoni.