BIMA YA MWENYE NYUMBA SIYO BIMA YAKO

Leo siongelei kupiga picha bidhaa wala kujibu wateja inbox. Naongelea chumba unachowekea mzigo.

Mimi nauza madera na mashuka mtandaoni nikiwa hapa Kaole, Bagamoyo. Sina fremu. Duka langu ni simu, stoo yangu ni chumba nilichopanga. Najua wengi wenu mko hivyo hivyo.

Mwaka jana usiku ikapiga shoti ya umeme chumba cha jirani, moto ukapanda darini. Mpaka tunauzima, nusu ya mzigo wangu umeungua na uliobaki umelowa na kunuka moshi. Hasara kama milioni 1 na laki 8. Humo kulikuwa na oda za wateja watano walioshalipa.

Baadaye tukasikia mama mwenye nyumba ana bima, maana alichukua mkopo benki kwa dhamana ya nyumba. Nikafurahi! Nikaandika orodha ya vitu vyangu nikampelekea. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ile bima ni ya nyumba. Vitu vyako havimo." Bati zikarudi, dari ikarudi, mimi nikabaki na madeni ya wateja. Nimewalipa wote, ila ilinichukua miezi minne.

Hakuna aliyenidhulumu. Ni mimi sikujua. Shule niliishia form four, haya mengine nimejifunza kwa kuuliza.

Kwanza, jengo na vitu vya ndani ni bima mbili tofauti. Mwenye nyumba anakatia jengo, mpangaji anakatia vyake. Hata ukinunua apatimenti, paa na ngazi ni mali ya pamoja, kwa hiyo uliza umoja wa wamiliki kama jengo lina bima na ni ya kiasi gani. Ila sofa, TV na mzigo wako ndani ni juu yako.

Pili, sema ukweli kwamba unauza. Bima ya vitu vya nyumbani kwa kawaida inahesabu vitu vya matumizi ya familia. Marobota kumi ya mashuka siyo matumizi ya familia! Ukificha, siku ya kudai utakataliwa, na watakuwa na haki. Waambie tangu mwanzo waandike na bidhaa za biashara.

Tatu, usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Mfano, una mzigo wa milioni 4 ukasema ni wa milioni 2. Ukipata hasara ya milioni 1, kampuni inaweza kukulipa laki 5 tu, kwa sababu ulikatia nusu. Na uliza kuna kiasi gani cha mwanzo utakachobeba mwenyewe.

Nne, sisi wa pwani bati zinaliwa na chumvi. Bima inalipa ajali, hailipi uchakavu. Bati ikioza ikavuja ukalowa mzigo, usitegemee kulipwa. Weka mzigo juu ya mbao, funika turubai.

Mnakumbuka Soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021. Mwaka uliofuata sheria ikaingiza masoko ya umma na majengo ya biashara kwenye bima za lazima. Chumba chako cha kupanga hakimo humo. Hakuna atakayekulazimisha, ujilazimishe mwenyewe.

Najua mtasema bima ni wizi. Mimi maoni yangu ni haya: kama mzigo wako ni wa laki 2, anza na akiba, bima isubiri. Lakini ukifika mahali ambapo mzigo ukipotea unadaiwa na watu, huo siyo wako peke yako tena. Pesa ya mteja iko humo. Hapo kata bima. Na kampuni za bima nazo zituletee karatasi zenye Kiswahili chepesi na malipo ya mwezi kwa mwezi, maana wengi tunaogopa kusaini tusichokielewa.

Kabla hujalipa, hakikisha kampuni au wakala amesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Ukilipa, dai hati yako na uisome, hasa pale palipoandikwa visivyolipwa. Ukipata hasara toa taarifa haraka, usitupe vilivyoungua kabla havijakaguliwa. Ukiona umeonewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na hata kama hukati leo, mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku huu piga picha mzigo wako wote, piga na risiti, jitumie kwenye email. Simu nayo huungua.

Wewe mzigo wako uko chumba gani, na ukiungua leo utawajibu nini wateja?